Nimepungua kilo 4 nikiwa mjamzito kwa kuogopa sukari

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa mtoto mmoja, nina miaka 33, naishi Morogoro. Nina ujauzito wa wiki 13, na tangu nijue nina mimba sina raha. Kichwani mna kitu kimoja tu: sukari.

Mimba ya kwanza ilinikuta na kilo 71. Tulikuwa tukiishi na mama mkwe, na kila nikiinuka kunawa mikono aliniambia, "Bado hujala, humo mko wawili." Nikala kweli. Uji asubuhi, chapati, wali wa nazi, juisi ya miwa kila nikipita sokoni. Nikafika kilo 90. Mwezi wa saba nikapelekwa hospitali kwa kuwa tumbo lilikuwa kubwa kuliko umri wa mimba. Wakanipima damu, wakasema nina kisukari cha mimba, nikapewa metformini na karatasi ya vyakula. Mtoto alizaliwa kwa upasuaji akiwa na kilo 4.3, akalazwa chumba cha watoto wachanga kwa sababu sukari yake ilishuka. Mimi nikaambiwa yangu imeisha, nikaruhusiwa. Imepita miaka 3 na sijapima tena.

Uzito haukuondoka. Baada ya arobaini na mitori yake nilibaki na kilo 80, halafu nikaanza kazi ya dukani, kukaa kutwa. Mimba hii imenikuta na kilo 86, na urefu wangu ni sentimita 158. Mama yangu mzazi ana kisukari, anajichoma sindano, na mwaka jana alikatwa kidole cha mguu. Kwa hiyo huu ugonjwa naujua sura yake.

Nilipoona mistari miwili niliapa safari hii sinenepi. Nimeacha ugali, wali, viazi, chochote chenye wanga. Nakula mara moja kwa siku, jioni, mboga na kipande cha nyama. Wifi yangu kaniletea chai ya kupunguza mwili, nainywa asubuhi. Sasa nina kilo 82, na mume wangu anasema nimependeza. Lakini nikisimama dukani naona giza, na usiku sipati usingizi kwa njaa.

Wiki iliyopita nilianza kliniki kwenye zahanati ya karibu. Nilimweleza nesi habari za mimba ya kwanza, akanipima mkojo, akasema hauna sukari, niondoe wasiwasi, nirudi baada ya mwezi. Nilifurahi, ila kufika nyumbani hofu ikarudi.

Naomba kujua: nikiendelea hivi bila kunenepa, sukari haitarudi? Natakiwa kuongezeka kilo ngapi? Na mama mkwe anakuja mwezi ujao kukaa nasi, nimwambie nini?

Mama Kijacho, Morogoro

*

Marahaba mwanangu, na hongera kwa ujauzito.

Nianze na yasiyosubiri. Leo hii weka kando chai ya wifi, na leo hii hii kula mchana. Nyingi ya chai hizo zina sanamaki, ile dawa ya kuendesha, na pakiti mara nyingi haisemi kilichomo chote. Kinachopunguzwa na chai hiyo ni maji na choo, si mafuta. Ndiyo maana unaona giza ukisimama, ingawa njaa nayo inachangia. Mjamzito akikaa muda mrefu bila chakula, mwili wake huanza kuyeyusha mafuta na kutoa tindikali ziitwazo ketoni, tena mapema kuliko kwa mtu asiye na mimba. Hatutaki mtoto alelewe katika hali hiyo kwa wiki 27 zilizobaki. Ukianza kula na kizunguzungu kikaendelea, usingoje tarehe ya kliniki. Nenda wakakupime presha na wingi wa damu.

Sasa swali lako la kwanza. Hapana, kujinyima hakuzuii sukari kurudi. Katika wanawake waliowahi kupata kisukari cha mimba, takriban nusu huwarudia mimba inayofuata, na wewe una mzazi mwenye kisukari, umri umesogea, na uzito umeongezeka tangu ile mimba ya kwanza. Uwezekano ni mkubwa, sitakuficha. Sababu yenyewe haiko kwenye sahani peke yake. Kondo la nyuma hutoa homoni zinazoidhoofisha insulini ya mama, ile inayoshusha sukari kwenye damu, makusudi, ili chakula kikae kwenye damu kimfikie mtoto. Kila mjamzito hupitia hilo. Kongosho lenye nguvu hutoa insulini zaidi na mambo yakaenda. Lisipomudu, sukari hupanda, na uzito mkubwa huliongezea kazi. Homoni hizo huzidi nguvu nusu ya pili ya mimba, kwa hiyo njaa unayoshinda nayo leo haiwezi kulipa deni la mwezi wa sita. Hata wanawake wembamba hupata kisukari cha mimba.

Kinachonitia wasiwasi zaidi kwenye barua yako ni ule mkojo. Nesi hakukudanganya, hauna sukari kweli. Lakini figo huanza kumwaga sukari kwenye mkojo pale sukari ya damu inapofika kiasi cha 10 hivi (milimoli kwa lita, kipimo cha namba zote za sukari nitakazotaja), kama pipa linalofurika likishajaa. Kisukari cha mimba kinahesabiwa tangu 5.1 kabla ya kula. Kati ya 5.1 na 10 mama anaweza kuumwa miezi na mkojo wake ukawa safi, hasa akiwa hajala tangu jana, kama wewe. Na wapo wajawazito wengine ambao mkojo una sukari na damu haina neno. Kwa mama mwenye historia yako, kipimo ni cha damu.

Usisubiri huo mwezi. Wiki hii nenda kituo cha afya kikubwa au hospitali yenye maabara, na kama kadi ya mimba ya kwanza bado unayo, ibebe. Sema maneno haya: "Mimba iliyopita nilikuwa na kisukari, mtoto alikuwa na kilo 4.3, nilizaa kwa upasuaji, na sijapimwa sukari tangu nijifungue." Hakuna mkunga atakayesikia hayo akakupa kijiti cha mkojo tu. Akikupa, omba rufaa, kwa adabu lakini usiondoke bila hiyo rufaa.

Kipimo kamili kiko hivi. Unalala bila kula, angalau saa 8, maji unakunywa. Asubuhi wanatoa damu, unakunywa gramu 75 za glukosi iliyokorogwa kwenye maji, unakaa pale pale bila kutembeatembea, wanatoa damu tena baada ya saa 1 na baada ya saa 2. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wa 2013, linasema ni kisukari cha mimba ikiwa namba moja tu kati ya hizi imefikiwa: 5.1 kabla ya kunywa, 10.0 baada ya saa 1, au 8.5 baada ya saa 2. Kama kichefuchefu bado kinakusumbua, glukosi ile utaitapika. Waambie, waanze na damu ya asubuhi kabla ya kula.

Kuna jambo ambalo maabara nyingi husahau kulisema. Siku 3 kabla ya kipimo unatakiwa uwe unakula wanga kama kawaida. Mtu aliyejinyima ugali na wali kama wewe, akinyweshwa glukosi ghafla, mwili unashtuka na namba zinaweza kutoka juu kuliko ukweli. Kwa hiyo kula kwanza, upime baadaye kidogo.

Majibu yanaweza kuja namna tatu. Ya kwanza, namba zote zipo chini: unashukuru, halafu unarudia kipimo kizima kati ya wiki ya 24 na 28, maana wakati huo ndipo kondo huwa limeshika kasi. Ya pili, umefikia viwango nilivyotaja: unaanza matibabu sasa, huna haja ya kungoja mwezi wa saba kama mara ya kwanza. Utafiti mkubwa uliotoka 2023, uliofanyika Australia, Austria, Sweden na India, ulionyesha kwamba kwa akina mama wenye hatari kama yako, kuanza kutibu kabla ya wiki ya 20 kunawapunguzia watoto matatizo ya wakati wa kuzaliwa, ingawa si kwa kiasi kikubwa sana. Ya tatu, damu ya kabla ya kula imefika 7.0 au ya saa 2 imefika 11.1. Hiyo ni dalili kuwa sukari ilikuwepo hata kabla ya mimba, ikikaa kimya ndani ya ile miaka 3. Hapo utahitaji hospitali yenye daktari bingwa, macho na figo vikaguliwe, na ultrasaundi ya kuangalia viungo vya mtoto karibu na wiki ya 20. Inatibika, na wanawake wenye kisukari cha siku zote huzaa watoto wazima.

Kuhusu kilo. Ukigawa kilo 86 kwa urefu wako kwa mita mara mbili (86 gawanya kwa 1.58, kisha tena kwa 1.58) unapata 34, namba inayolinganisha uzito na urefu. Kuanzia 30 kwenda juu, yaani uzito uliozidi sana, pendekezo linalotumika sehemu nyingi tangu 2009 ni kuongezeka kilo 5 hadi 9 kwa mimba nzima. Mimba ya kwanza ulianza na 28, ilikufaa kuongezeka kilo 7 hadi 11.5, wewe ukaongezeka 19. Unaona tofauti ilipo. Hizo kilo 5 hadi 9 hesabu kutoka 86, si kutoka 82. Wengi hupungua kidogo miezi 3 ya kwanza kwa kutapika, na hizo 4 zitarudi zenyewe ukianza kula vizuri, usikimbilie kuzirudisha wala usiogope zikirudi. Baada ya hapo ongezeko la gramu 200 hadi 300 kwa wiki linatosha. Jipime kwenye mzani uleule na nguo nyepesi, maana mizani ya kliniki na ya duka la dawa haisemi lugha moja. Na ukiona umeruka kilo moja au zaidi ndani ya wiki, uso na vidole vimevimba, kichwa kinauma au macho yanaona nyota, hayo si mafuta. Nenda hospitali siku hiyo hiyo ukapime presha, inaweza kuwa dalili za kifafa cha mimba.

Chakula sasa, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu kuna uongo mwingi.

Kula mara 3 kwa siku na vitafunwa viwili vidogo, kimoja kabla ya kulala ili usiamke na njaa ndefu. Wanga usiuache, upunguze. Ugali wa dona ni bora kuliko sembe kwa kuwa una pumba yake, lakini nimewaona watu wakila mlima wa dona wakidhani ni dawa ya kisukari. Dona nyingi ni sukari nyingi. Ngumi yako moja ya ugali, au wali, au kiazi kitamu, au ndizi za kupika, inatosha kwa mlo. Nusu ya sahani iwe mchicha, matembele, kisamvu, bamia au kabichi, na robo iliyobaki maharage, choroko, kunde, samaki, dagaa, kuku au mayai. Nazi na mafuta weka kiasi.

Asubuhi ndipo mwili wa mjamzito unapoikataa insulini zaidi, na asubuhi ndipo sisi tunapokunywa chai ya maziwa yenye vijiko vitatu, chapati mbili na uji juu yake. Uji wa lishe nao, hata ukiwa na soya na karanga, ni unga uliosagwa laini, unaingia kwenye damu haraka. Badilisha: mayai mawili na kipande cha kiazi kitamu, au maharage na nusu chapati, na chai isiyo na sukari. Utazoea, ulimi hujifunza. Asali ni sukari. Juisi ya miwa ni sukari. Juisi ya embe uliyokamua mwenyewe nyumbani bila kuongeza kitu nayo ni sukari ya maembe matatu kwenye glasi moja; kula tunda zima, kiasi cha ngumi, baada ya chakula. Maji ya mdalasini, mlonge na siki usivihangaikie. Vidonge vya madini chuma na foliki unavyopewa kliniki ndivyo usivyokosa.

Baada ya kila mlo tembea dakika 10 hadi 15. Kwako wewe wa dukani hilo ni muhimu kuliko unavyodhani, maana misuli inayotembea huivuta sukari kutoka kwenye damu. Kama wakubwa wa kazi watakubali, simama, panga rafu, zunguka.

Ukigundulika na sukari, mkiweza nunueni mashine ya kupimia pamoja na vijiti vyake. Malengo yanayotumiwa na wengi ni chini ya 5.3 asubuhi kabla ya kula, chini ya 7.8 saa 1 baada ya kula, au chini ya 6.7 saa 2 baada ya kula. Mashine nyingine huandika kwa kipimo kingine, miligramu kwa desilita, na malengo yale yale huwa 95, 140 na 120, kwa hiyo ukiona 95 usizimie. Daktari akikupa namba zake, fuata za kwake. Wiki moja au mbili za mlo na kutembea zisipotosha, atakuongezea metformini au insulini. Najua ukisikia sindano unaona kidole cha mama yako. Kidole kile kililiwa na miaka ya sukari kuwa juu, sindano ilikuja kuokoa kilichobaki. Insulini haivuki kondo kwenda kwa mtoto, na wengi waliopewa wakati wa mimba huiacha wanapojifungua.

Mama mkwe. Usimwambie "sitaki chakula chako", mtaanza vibaya na nyumba ni yenu nyote. Na kumbuka yeye ni wa kizazi kilichoona mjamzito mwembamba akipungukiwa damu; hofu yake ina asili. Mume wako ndiye aseme, si wewe, na ili aweze kusema lazima awe amesikia. Nenda naye kliniki siku ya majibu, akae, amuulize mkunga mwenyewe. Halafu mama akifika, amwambie: "Mama, mjukuu wa kwanza alilazwa kwa sababu ya sukari, safari hii daktari katupangia." Mpe mama kazi anayoiweza: apike yeye mboga na maharage, atembee nawe jioni. Ile habari ya kula kwa watu wawili, hesabu yake ni hii: miezi 3 ya kwanza mtoto hahitaji nyongeza yoyote, na kuanzia hapo nyongeza yake ni kama kikombe cha maziwa, yai na kiganja cha karanga. Sahani ya pili hajaiomba.

Na huyo mume anayekusifu umependeza, mweleze kuwa unaona giza ukisimama. Nadhani hajui.

Kwa kuwa uliwahi kupasuliwa, panga mapema kujifungua hospitali yenye chumba cha upasuaji, si zahanati, hata sukari ikitulia. Uliza mtoto ana ukubwa gani miezi ya mwisho, na usikubali kuachwa upitilize wiki 41. Akizaliwa, mnyonyeshe ndani ya nusu saa ya kwanza na waombe wampime sukari kwa tone la damu ya kisigino, maana watoto wa akina mama wenye sukari huzaliwa na insulini nyingi, na sukari yao hushuka, kama ilivyomtokea mkubwa wako.

Kisha kuna kile kipimo ulichokosa mara ya kwanza. Kinatakiwa kati ya wiki ya 6 na ya 12 baada ya kujifungua, yaani arobaini ikishaisha tu. Siku unayompeleka mtoto chanjo, na wewe lala bila kula, ukapimwe. Baada ya hapo rudia kila mwaka au isipite miaka 3, hata ukijiona mzima, kwa sababu mwanamke aliyewahi kisukari cha mimba yuko kwenye hatari ya kisukari cha kudumu mara 7 hadi 10 kuliko mwenzake. Mtori wa arobaini kunywa, bakuli moja. Kunyonyesha kunasaidia pande zote mbili. Na kupungua, ambako sasa nimekukataza, ndiyo wakati wake huo: utafiti wa Marekani uliochapishwa 2002 ulionyesha kuwa watu waliokaribia kisukari, wakipunguza kama asilimia 7 ya uzito na kutembea dakika 150 kwa wiki, walipunguza uwezekano wa kuugua kwa asilimia 58. Kwa kilo 86, asilimia 7 ni kilo 6. Zipunguzwe polepole mwaka mzima, na sahani ikiwa na chakula. Kabla ya mimba ya tatu, ikiwapo, acha mtoto huyu afikishe angalau miaka 2, na upime damu kabla hujashika mimba.

Shangazi Mkunga